Draya Mbili na Kibao cha Waathirika

9 Januari

Mdogo wangu,

Kama umesimama, tafuta pa kukaa, maana leo nina mengi. Huku tuko wazima. Mama mzima, goti ndilo linamsumbua, lakini mdomo hauna shida yoyote, jana kamsema shemeji yako kuanzia viatu mpaka masharubu. Na masharubu ndiyo habari ya mwaka mpya. Shemeji yako tangu apewe kulinda geti la benki ameamua kuyafuga, eti watu wawe wanamwogopa. Nikamwambia baba watoto, mimi niliyekuwa nakuogopa kidogo sasa naona mswaki umelala juu ya mdomo. Kaninunia mpaka chakula kilipoiva.

Umesema niwe naandika badala ya kupiga simu, kwamba kwenye simu sikupi nafasi ya kusema. Haya, nimekubali. Ila ujue simu ulikuwa unaniambia tu "mh" na "eeh", sasa itabidi uandike maneno, tuone utayatoa wapi.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Sekunde, yule fundi umeme, ukimwuliza kazi itaisha lini anakujibu "sekunde moja tu mama". Si ndiye aliyechukua draya zangu mbili za saluni, zile za kusimama zenye kofia, akasema anakwenda kuzibadilisha waya. Nikangoja. Zile waya alizibadilisha kuwa hela, akauza draya zote mbili. Nilikuambia kwenye simu kwamba nilimpeleka mahakamani na nikashinda. Hakimu alisema afagie hospitali ya serikali miezi kadhaa na anilipe draya zangu. Kila mtu akanipongeza. Nilishonesha na gauni.

Mwenzangu, gauni limeshapauka na draya sijaziona. Maana hakimu akishasema "alipe", anainuka anakwenda zake kula, karani anakwenda kula, polisi anakwenda kula, na wewe uliyeibiwa ndiyo uanze kumkimbiza mwizi kwa miguu yako. Sekunde alifagia hospitali, akamaliza, akayeyuka. Mimi nakausha vichwa kwa kile kidraya cha mkononi, mkono umekufa ganzi, kichwa kimoja kinakula nusu siku. Wateja wanavuka barabara wanakwenda kwa yule jirani yangu mwenye saluni ya vioo. Nikienda hivi mpaka katikati ya mwaka, mwenye chumba atanitoa.

Na siyo hela tu. Wewe unajua mtu akiingia kwenye ile kofia hajisikii, anaongea kwa kupiga kelele. Nusu ya habari zote za mtaa huu zimetoka chini ya zile draya mbili. Tangu ziondoke nimebaki kiziwi. Nimejua binti wa fundi viatu ameposwa baada ya watu kwisha kula pilau.

Basi juzi limepita gari la matangazo. Eti serikali imetenga fungu la hela kuwasaidia walioibiwa na kutapeliwa, wale ambao mahakama imeshasema walipwe na hawajalipwa. Unakwenda ofisini, hutoi kitu, wao ndiyo wanamtafuta huyo mtu na kumkamua. Shemeji yako anasema ni maneno ya kwenye spika tu. Kesho nakwenda. Wewe unaonaje?

Dada yako mwenye mkono mmoja mzima.


30 Januari

Dada,

Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yake. Mimi sijambo. Shule imefunguliwa, watoto wamerudi na matumbo ya likizo, sufuria zangu zinaoshwa zimelambwa tayari. Jiko moja la kuni limepasuka, mkuu wa shule kaahidi fundi. Nikaomba asije Sekunde.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda mjini kwa shughuli yangu, halafu lori la mahitaji ndilo linalobeba barua na lenyewe liliharibika.

Kuhusu ile ofisi, nenda. Usimsikilize shemeji. Kama hela imeshatengwa, itatumika kwako au itatumika kwenye mapazia ya wakubwa, bora kwako. Beba ile karatasi ya hukumu. Na tafadhali mwache mwenye ofisi aongee kwanza.

Masharubu mwache ayafuge. Mwanamume akikosa kitu cha kufuga anafuga hasira.

Mdogo wako.


17 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Goti la Mama limepata ahueni, sasa linamwachia mpaka barazani, na ndiko anakokaa kuhesabu nani kapita na nani. Shemeji yako hajambo. Masharubu yameanza kupinda upande mmoja, akicheka unadhani anakonyeza.

Halafu wewe, hebu niambie. Shughuli gani hiyo ya mjini? Mwaka jana ulikwenda, kabla ya mvua ukaenda, sasa tena. Na kila nikikuuliza unasema shughuli. Mimi si mtoto. Una mtu huko. Kama ni mume wa mtu niambie nikugombeze, kama ni wa peke yake niambie nishone nguo.

Sasa sikia yaliyonikuta, kaa vizuri.

Nimekwenda ile ofisi. Iko kwenye jengo la wilaya, mwisho wa kile kikorido chenye harufu ya dawa ya mende, jirani na dirisha la vyeti vya kuzaliwa. Vyeti huko watu wamejaa, watoto wanalia, wababa wanagombana jina la mtoto. Dirisha la kwetu, benchi tupu kabisa. Nikasema leo nimewahi. Nikakaa. Akatoka binti mmoja mwembamba, amekumbatia faili utafikiri mtoto mchanga, nikampa jina hapo hapo, Binti Faili. Ana heshima huyo. Akanipa maji. Akasoma hukumu yangu yote mpaka muhuri. Akasema, "Mama, hii kazi yetu kabisa. Serikali imeweka fungu la nauli, la kumtafuta, la kuongea na mwajiri wake, wewe hutoi hata shilingi." Nikamuuliza, na hela ya draya inatoka kwenye hilo fungu? Akasema hapana, hela ya draya anatoa Sekunde, fungu ni la kuhakikisha anatoa. Nikampenda. Nikasema hii ndiyo serikali ninayoielewa.

Natoka pale nakutana uso kwa uso na Mama Mkaa, yule muuza mkaa wa kona. Namsalimia, ananiangalia mimi, anaangalia juu ya kichwa changu, ananiangalia tena, macho yamejaa huruma. Nikamuuliza wewe umefuata nini? Akasema cheti cha mjukuu. Nikashangaa mjukuu gani, mwanawe wa kwanza si yuko darasa la tatu, lakini nilikuwa na haraka.

Mimi nikageuka niangalie juu kulikuwa na nini. Kumbe kuna kibao, herufi nyekundu kubwa kama za duka la nyama: HUDUMA KWA WAATHIRIKA. Na chini yake, mchoraji nadhani nafasi ilimwishia, vijiherufi kama sisimizi: wa makosa ya jinai. Hivyo vya chini nani anavisoma? Si unajua mtaani ukisema fulani muathirika watu wanaelewa nini. Wanaelewa ule ugonjwa wa virusi basi, hakuna mwingine anayefikiria draya.

Kesho yake saluni haina mtu. Kesho kutwa haina mtu. Siku ya tatu kaja mmoja, kasimama mlangoni kauliza kama taulo zangu nachemsha. Eti mtaa mzima unasema nimekanyaga waya, yaani nimeupata huo ugonjwa. Nikawaambia kweli nimekanyaga waya, na fundi umeme mwenyewe ni Sekunde. Hawakucheka.

Basi nimefanya kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nawaambia jamani mimi siyo wa huko, mimi muathirika wa draya, mimi msafi, mnaniona nilivyonona, hivi mwenye ugonjwa ananenepa hivi? Wanasema "sisi hatujasema kitu mama," halafu mlango unafungwa taratibu. Yaani mimi, mimi ambaye habari zote za hapa zilikuwa zinapitia kwangu, leo habari ni mimi, na mimi ndiye wa mwisho kuijua.

Nimecheka mpaka nimelia, halafu nikalia kidogo kweli. Niandikie unichekeshe.

Dada yako msafi.


14 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Jiko limetengenezwa. Mvua zimeanza, kuni zinatoa moshi, macho yangu mekundu.

Nimefurahi umemwona huyo binti na amekupokea vizuri. Endelea naye hivyo hivyo.

Sina mtu mjini.

Ukiniandikia tena niandikie habari za Mama na za kesi. Habari za waya na za nani msafi niachie, sizipendi.

Mdogo wako.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako fupi hivyo mpaka nimeigeuza nyuma nikidhani umeendelea huko. Umekasirika nini? Mimi ndiye nimesemwa, kukasirika umekasirika wewe. Au ni moshi. Haya, nimekusikia, sitaongea. Nitaongea kidogo tu pale penye kesi, maana vimeshikana.

Mama anakusalimia, anasema unakonda, sijui kajuaje kwenye barua. Shemeji yako masharubu amenyoa upande uliopinda ili yalingane, akakosea, akanyoa na mwingine. Sasa hivi ana mdomo kama zamani na hakuna anayeruhusiwa kuuangalia.

Sasa shika hii. Saluni ilivyokuwa tupu, nimekaa naongea na kioo, akaingia mwanamke kajitanda khanga mpaka puani. Nikamwambia karibu, akasema "nimekuja kwako kwa sababu hapa hakuna watu." Nikasema ahsante, hata kutukanwa siku hizi ni biashara. Akavua khanga. Mke wa Sekunde.

Nilitaka kumtoa na kitana. Lakini nywele zake, mdogo wangu, zilikuwa zimefungamana zinatia huruma, nikaona nianze na hizo kwanza. Nikamwosha. Nikampaka mafuta. Mtu ukimshika kichwa taratibu anasema kila kitu, hata bila draya. Akaniambia, "Dada, mimi mwenyewe sijaona hata hela ya sabuni. Yuko kiwanda cha magodoro, kule baada ya daraja kubwa, anatengeneza mota. Ana mshahara kabisa, wa kila mwezi, na jina lake lote." Nikamuuliza nikilisema hili utanilaani? Akasema, "Akatwe. Likishakatwa deni lako labda na mimi nitajua pa kwenda kudai la watoto."

Nywele sikumdai. Nimetoka na povu mikononi mpaka kwa Binti Faili.

Na yule binti hakulala. Akachukua nauli kwenye lile fungu, akapanda basi mwenyewe, akarudi na viatu vya vumbi na karatasi imepigwa muhuri. Amekwenda mpaka kwa mhasibu wa kiwanda, kaonyesha amri ya mahakama, wamekubaliana Sekunde anakatwa kabla hajaushika mshahara. Nikamuuliza, yeye Sekunde alisemaje? Akasema, "Aliomba sekunde moja afikirie. Nikamwambia zimeisha." Nilimkumbatia pamoja na faili lake.

Kwa hiyo unaona, inafanya kazi. Lakini sasa penye furaha hapo hapo ndipo pana mwiba. Binti Faili ananiambia lile fungu ni la majaribio. Mwisho wa mwezi wa tano wakubwa wanakuja kuangalia limesaidia watu wangapi. Likionekana halina watu, linarudi hazina, dirisha linafungwa, yeye anahamishiwa kwenye leseni za mbwa. Na Sekunde akisikia hakuna tena wa kumfuata anahama kiwanda siku hiyo hiyo. Draya zangu zitakuwa zimelipwa mguu mmoja tu. Na mpaka sasa amesaidia nani? Mimi, na mzee mmoja aliyeibiwa baiskeli ambaye hajui kusoma, ndiyo maana hakukiogopa kibao.

Watu wa kusaidiwa wapo tele. Karatasi za hukumu ziko mitaani zimekunjwa ndani ya magodoro. Wanaogopa kukaa kwenye lile benchi.

Kibao hakiwezi kubadilishwa, kimetoka makao makuu, kina barua yake. Basi mimi nikapata akili. Nimemwandikisha shemeji yako, si unajua mwandiko wake mzuri, karatasi kubwa nyeupe, nimeibandika chini ya kibao kwa gundi ya viatu. Inasema: SIYO WALE. NI WALIOIBIWA NA KUTAPELIWA TU. Binti Faili alisita sita kidogo lakini akaniachia. Tangu hapo wameshakuja wawili. Umeona akili ya dada yako?

Nisifie hata kidogo.

Dada yako.


25 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama mwambie sijakonda. Nimenenepa kama wewe.

Kazi uliyofanya kwa mke wa Sekunde ni kazi nzuri, na huyo binti Mungu amweke. Nakusifia kwa hilo kutoka moyoni.

Ile karatasi siwezi kuisifia. Dada, wale ni mimi.

Huu sasa ni mwaka wa saba. Shughuli yangu ya mjini ni dawa. Nakwenda, napimwa, napewa za miezi, narudi. Kidonge nameza nikishazima jiko, hata kabla sijavua aproni. Daktari anasema damu yangu imetulia, virusi havionekani hata wakivitafuta, na nitazeeka mpaka nigombane na wajukuu zako. Sijaumwa hata mafua mwaka huu. Watoto mia na zaidi wanakula mikononi mwangu kila siku na wanaongeza.

Ulitaka kujua kwa nini nilihama nikaja kupikia shule iliyo nyuma ya milima. Ni hivyo. Na kwa nini sitaki simu. Kwenye simu ungesikia sauti yangu ungejua, wewe unasikia vitu.

Sikukuambia kwa sababu wewe ni wewe. Nakupenda, lakini nilikuwa nafikiria zile kofia mbili na wewe umesimama katikati yake. Halafu ukaniandikia umezunguka nyumba kwa nyumba ukisema wewe msafi. Nilikaa na hiyo barua nikajiuliza, zile nyumba zote ulizogonga, hakuna hata moja yenye mtu kama mimi amekaa ndani anakusikiliza?

Sikuombi usimwambie mtu. Najua nikikuomba ndiyo kama nimekutuma.

Maharage yananiita.

Mdogo wako.


9 Juni

Mdogo wangu,

Usiseme nimechelewa. Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza nikaichana, shemeji yako akaniuliza kama nimejiunga na chuo. Mimi nikikosa la kusema ujue dunia imesimama.

Nimekusoma. Nilikuwa nyuma ya saluni, nimekaa juu ya ndoo. Nikasoma lile neno "wale ni mimi" nikainuka na ndoo ikaanguka. Nikaenda jengo la wilaya na kandambili za kuogea. Ile karatasi niliibandua kwa kucha zangu, gundi ya viatu haitoki kirahisi, rangi ya ukuta nayo ikatoka. Binti Faili akatoka mbio, "Mama, kuna nini?" Nikafungua mdomo. Mdogo wangu, nikaufunga. Nikasema, "Gundi mbaya." Akaniangalia, akaniletea maji. Ndiyo mara yangu ya kwanza tangu nizaliwe kuwa na habari na kusema gundi.

Nisamehe yale ya msafi. Nimekuwa nikipita mbele ya nyumba zile zile nikiwaza nani alikuwa nyuma ya mlango, na haya inanipanda mpaka masikioni. Sitakuandikia zaidi ya hapo, utaniliza na wateja wapo.

Ndiyo, wateja wapo. Ngoja.

Karatasi ilipotoka benchi likawa tupu tena, na siku ya wakubwa inakuja. Nikasema basi, mimi mwenyewe ndiye nitakuwa karatasi. Saluni haina mtu, nifanye nini? Nikawa nakwenda nakaa pale chini ya kibao, nimevaa lile gauni la ushindi, nimeshika nyuzi zangu nafuma. Mtu akichungulia kutoka kwenye vyeti vya kuzaliwa namwita, "Ingia, hapa wote tumeathirika, wewe kimekupata nini?" Sielezi wa nini wala wa nini. Mtu akiniuliza kwa macho, namjibu kwa macho.

Wa kwanza kuja ni nani? Mama Mkaa. Alikuja saluni kwanza, jioni, akasimama karibu na sinki, akaniuliza polepole, "Hivi ni kweli unao?" Zamani ningemjibu nyimbo mbili. Nikamwambia, "Ninao au sina, hicho kichwa chako kina vumbi la mkaa la tangu mwaka jana. Kaa nikuoshe." Akasimama. Akafikiria. Akakaa. Nikamwosha maji yakatoka meusi mpaka tukacheka wote wawili. Na akiwa ameinamisha kichwa hivyo akasema, hana mjukuu. Siku ile hakufuata cheti chochote. Kuna dalali alimchukulia magunia yote na hela ya mtaji, mahakama ikasema alipe, hakulipa. Alikuja kwenye dirisha letu, akasoma kibao, akaogopa, akahamia foleni ya vyeti. Akaniona mimi natoka. "Nilikuonea wivu," akasema. "Wewe ulikaa."

Kesho yake tulikaa naye. Akamwita shoga yake. Mzee wa baiskeli akaleta wazee wenzake. Benchi likajaa, wengine wakachukua ndoo ya zimamoto wakaigeuza kiti. Wakubwa walipokuja na mikoba yao walikuta watu mpaka kikoridoni wanagombania nani wa kwanza, yule mkubwa mwenye miwani akakanyagwa. Juzi barua imekuja, fungu limeongezwa mwaka mwingine, na Binti Faili ameongezewa msaidizi. Mbwa watajitafutia leseni wenyewe.

Na Sekunde anakatwa. Mshahara wa kwanza, wa pili, tii. Zilizofika nimeongezea kidogo nimenunua draya moja, ya mtumba, inanguruma kama lori linapanda mlima, lakini kofia ni nzima. Ya pili inakuja polepole kwenye mshahara wake. Mkewe naye Binti Faili kamwelekeza dirisha la mambo ya watoto, lina kibao kizuri tu.

Nilipoifunga draya nikaona niijaribu mwenyewe. Nikakaa, nikajivika kofia, nikaiwasha. Moto mzuri, nikafumba macho, nikaanza kukuwaza. Ghafla nikakumbuka mtu akiwa mle ndani hajui anasema kwa sauti gani. Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili mpaka rola zikakauka. Mama Mkaa aliyekuwa anangoja zamu akaniuliza meno yananiuma? Nikatikisa kichwa ndiyo.

Sasa hapo ndipo nimekuponza. Mama alikuwa ananiandama, barua ya mdogo wako ina nini mpaka umenyamaza, nani kafa. Nikiwa na lile jino kichwani nikamwambia unaumwa jino. Akanielewa mara moja, akasema ndiyo maana alihisi unakonda. Kwa hiyo ukifungua kifurushi hiki ukakuta karafuu, zile zote, zinatoka kwa Mama. Ameniapisha nikuambie utafune asubuhi na jioni. Nakuomba utafune hata mbili, maana ataniuliza.

Na safari yako nyingine ya mjini niambie siku. Nafunga saluni nakuja. Nitakaa na wewe kwenye benchi, liwe na kibao gani.

Dada yako.


1 Julai

Dada,

Shikamoo. Kifurushi kimefika. Nimetafuna mbili, jiko zima lina harufu ya duka la dawa na watoto wananiuliza chai ina nini leo. Mwambie Mama jino limepoa.

Nakwenda mjini tarehe kumi na tano ya mwezi huu. Basi linafika asubuhi, nitakuwa nimesimama penye mizani ya malori. Foleni huwa ndefu, njoo na nyuzi zako.

Humo ndani unaruhusiwa kuongea.

Mdogo wako.